Namna ya kuchagua begi la mgongoni la kuwindia wanyama wakubwa: mwongozo kamili kwa mapori ya Tanzania

Wakuu, ukitafuta begi la kushinda nalo porini unapowinda wanyama wakubwa, yaani nyati, pofu, tandala, palahala na wenzao, anza kucheki vitu viwili: linabeba maji kiasi gani, na ukiwa umelivaa bunduki inakaa begani au haikai. Mengine yote, mifuko, zipu, rangi, chapa, yanafuata nyuma. Naandika kwa hali ya Tanzania, mapori ya miombo kama Rungwa na Selous na vitalu (maeneo yaliyotengwa kwa uwindaji) vya Umasaini, maana huko ndo kuna uwindaji wa kitalii na wa wenyeji wenye leseni. Kenya walishafunga uwindaji tangu 1977 kwahiyo ndugu zetu wa huko mkitaka kuwinda kihalali lazima mvuke mpaka, ila begi ni lilelile.

Nawalenga hasa mwenyeji anayeenda na leseni yake na gari lake, kijana anayejifunza kuwa PH (mwindaji wa kulipwa anayeongoza wageni) au anayefanya kazi kambini, na ndugu wa diaspora anayerudi na hela yake kuwinda nyumbani. Mgeni wa kitalii kampuni huwa inampangia karibu kila kitu lakini naye begi lake analibeba mwenyewe au analimbebesha mtu, na hilo nalo tutalifikia.

Kabla ya hatua zenyewe, onyo kuhusu mabegi mnayoyaona intaneti. Ukitafuta "begi la kuwindia" utaletewa madude ya lita 60 mpaka 80 yenye fremu, mikanda minene ya kiunoni na bei ya kutisha, na kila anayeyasifia ni Mmarekani. Sio kwamba wanadanganya, wao kule Colorado au Montana mtu anaua elk (aina ya kulungu mkubwa) mbali na barabara, analichuna palepale, anatoa mifupa, afu anabeba nyama mgongoni mwenyewe kwa safari kadhaa mpaka kwenye gari, na nyama tupu ya dume moja inaweza kupita kilo 80. Na majimbo mengi yana sheria ya kukukamata ukiiacha nyama ioze porini. Sasa sisi dume la nyati lina kilo 600 mpaka 800, hilo hakuna wa kulibeba mgongoni, watu wanachukua mapanga wanafyeka njia na gari linaingia mpaka mnyama alipolala. Kwahiyo ile fremu unayolipia ni uzito wa bure unaotembea nao siku nzima.

Hatua ya 1: Ijue siku yako kabla ya kuingia dukani

Nyati wanatafutwa kwa nyayo. Mnatoka kambini bado giza, mnazunguka na gari kwenye mabwawa na kwenye barabara za kitalu mpaka msoma nyayo aone nyayo mbichi za usiku, mnashuka, mnaanza kufuata. Hapo hakuna anayejua mtarudi saa ngapi, mnaweza kutembea masaa mawili mkawakuta wamelala kivulini, na mnaweza kufika saa tisa mchana bado mnafuata na gari limebaki kilomita kumi nyuma. Begi la siku ya hivyo ndo begi gumu kuchagua, na ukilipata hilo linakufaa kwa pofu pia maana pofu anatembea kuliko hata nyati.

Swala pala, kongoni, ngiri, hao mara nyingi mnawaona mkiwa kwenye gari mnashuka mnanyatia nusu saa, kibegi chochote kinatosha au usibebe kabisa. Chui anasubiriwa kibandani karibu na chambo, hapo unataka kibegi kidogo kisicho na sauti hata moja kwasababu mnakaa kimya masaa na ukivuta zipu tu umeharibu kazi ya wiki nzima ya kutundika chambo. Wale wa nzohe (swala wa kwenye mabwawa) kule Moyowosi wanaingia majini mpaka kiunoni, hao wasome zaidi sehemu ya maji kuingia. Mimi kuanzia hapa naongelea siku ya nyati.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya maji, ndo utapata saizi ya begi

Watu wengi wananunua begi kwanza afu wanajiuliza watie nini. Geuza. Mtu anayetembea kwenye joto anahitaji kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Msimu unafunguliwa tarehe 1 Julai, na Julai asubuhi kuna baridi kabisa, hapo unaweza kwenda na ile nusu lita, lakini ukiwinda Septemba mwishoni au Oktoba miombo imepukutisha majani, kivuli hakuna, nyasi zimechomwa na ardhi nyeusi inarudisha joto usoni, hapo lita moja kwa saa sio mchezo. Chukulia matembezi ya masaa matano na upungufu kidogo wa kuvumilia, unahitaji angalau lita 3, na lita 3 ni kilo 3 kabla hujaweka kitu kingine.

Ongeza kifuko cha dawa, koti jepesi la mvua au sweta la asubuhi, chakula cha mkononi (karanga, tende, chapati iliyokunjwa), tochi ya kichwani na betri zake, radio au simu ya setilaiti kama ni wewe unayeibeba, kamba, kiberiti. Yote hayo na begi lenyewe yanakuja kama kilo 3 nyingine au 4. Jumla kilo 6 au 7, na hapo ndo pa kusimama. Kanuni rahisi ni kwamba begi la kutembea nalo siku nzima lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako, mwenye kilo 70 asibebe zaidi ya 7. Na usisahau una bunduki. Kwa nyati sheria ya Tanzania inataka bunduki ya kuanzia .375 (upana wa risasi kwa inchi), na bunduki ya hivyo ikiwa na darubini na risasi ndani inapita kilo 4.

Kwa ujazo, vitu hivyo vinaingia kwenye begi la lita 18 mpaka 25. Chini ya 15 maji yanakula nafasi yote, sweta ukilivua saa tatu asubuhi huna pa kuliweka unaanza kulifunga kiunoni linanasa miiba. Juu ya 30 kuna tabia mbaya ya binadamu, nafasi ikiwepo ataijaza tu. Kama umesimama dukani unabishana na nafsi yako kati ya 20 na 35, chukua 20.

Chupa au ule mfuko wa maji wenye mrija? Hapa watu wanagombana sana. Mrija una raha yake, unakunywa bila kusimama na bila kuvua begi, na maji yanakaa katikati ya mgongo ambako uzito hausumbui. Shida zake ni kwamba huoni umebakiza kiasi gani, mdomo wake unashika vumbi, mwenzako akiishiwa huwezi kumpa kistaarabu, na mwiba mmoja ukipenya una begi lililolowa na lita mbili zimekwenda. Kwa mtazamo wangu changanya: mfuko wa lita 2 ndani pamoja na chupa ngumu ya lita 1 pembeni, na hiyo chupa ndo unayotilia ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) mtu akianza kulegea. Kwahiyo begi liwe na kimfuko cha ndani cha kushikilia mfuko wa maji na tundu la kupitisha mrija, na pembeni liwe na mfuko wa chupa ambao mkono wako unaufikia bila kuvua. Jaribu hilo hapohapo dukani, mengi yamewekewa huo mfuko wima kabisa mpaka uwe na mkono wa nyani.

Na mfuko wa maji ukishajaza, upindue chini juu unyonye hewa yote kwa mrija. Ukiacha hewa maji yanacheza, unatembea huku mgongoni unasikika chwa chwa chwa, na nyati anasikia vizuri.

Hatua ya 3: Jaribu na bunduki, hii usiiruke

Hapa ndo mabegi mengi mazuri yanafeli. Mkanda wa begi unapita palepale kitako cha bunduki kinapokaa. Ukiwa na mkanda mnene wa sponji, kitako kinasogea mbele sentimita mbili tatu, bunduki inakuwa kama imerefushwa, jicho halipati darubini haraka, na mbaya zaidi kitako kinateleza kutoka begani kwenda kwenye msuli wa mkono. Ukipiga .375 au .416 hivyo utaujua huo mkono jioni, na risasi yenyewe haijulikani imekwenda wapi.

Jaribio lake liko hivi. Hakikisha bunduki haina risasi, kagua chemba, kagua tena, elekeza sehemu salama. Vaa shati lilelile utakalowindia. Jaza begi maji na vitu vyote maana begi tupu linadanganya, mkanda haujavutwa. Kaza kama unavyotembea. Sasa fumba macho, pandisha bunduki kama unataka kupiga, fumbua. Jicho likiwa limeingia kwenye darubini bila kuhangaika, vizuri. Likiwa limekaa pembeni au inabidi usogeze shingo, rudia mara kadhaa, na kama inaendelea begi hilo sio lako. Fanya hivyo ukiwa umesimama, afu ukiwa umeegemea zile fito tatu za kulengea, afu umechuchumaa.

Mkanda unaofaa ni mwembamba kwa unene, laini, umekatwa kwa mkunjo unaoingia ndani kuelekea shingoni ili bega lenyewe libaki wazi. Angalia pia vitu vya plastiki vilivyoshonwa juu ya mkanda, vile vya kukazia na vya kuning'inizia, upande wa bega unalopigia (kwa wengi kulia) visiwepo kabisa kwenye eneo la kitako. Kama vipo na vinang'oleka, ng'oa. Ule mkanda wa kifuani unaounganisha mabega mawili ushushe chini, ukikaa juu kitako kinagonga klipu yake.

Tatizo lingine ni mkanda wa bunduki wenyewe, ukiuweka begani juu ya nailoni unateleza kila hatua kumi na unaishia kutembea umenyanyua bega moja. Fundi cherehani yeyote anaweza kukushonea kipande cha ngozi au mpira juu ya mkanda wa begi, kazi ya dakika chache, na inasaidia kuliko utakavyodhani.

Halafu begi lazima livulike haraka. Kama mmejeruhi nyati na mnaingia kichakani kumfuata, begi halina kazi humo. Linavuliwa nje, linaachwa chini ya mti unaojulikana na alama inawekwa kwenye GPS, au anabaki nalo mtu mahali salama. Mnaingia na bunduki, risasi na maji kidogo. Kwahiyo klipu za kifuani na kiunoni ziwe za kubonyeza kwa mkono mmoja, na kabla ya kukaribia kundi uwe umeshazifungua kimyakimya. Ukisubiri mpaka msoma nyayo akuoneshe kidole ndo uanze kubonyeza, umechelewa.

Hatua ya 4: Mgongo

Hapa sitakaa sana. Kwa begi la lita 20 vipimo vya mgongo havina ugumu kama wa mabegi ya kupandia Kilimanjaro, ila cheki urefu. Inamisha kichwa, gusa ule mfupa unaotokeza chini ya shingo, weka mikono kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, mtu akupimie kwa tepu kutoka kwenye mfupa mpaka usawa wa vidole gumba. Begi lisishuke kupita usawa huo, likishuka linagonga makalio na ukichuchumaa linasukumwa juu linakupiga kisogoni. Mkanda wa kiunoni uwe mwembamba tu wa kuzuia begi lisiyumbe, ule mnene unagombana na mkanda wa risasi. Mgongo wenye nyavu inayoacha upepo upite ni mzuri kwa joto ila unasukuma uzito nyuma, na mbegu za nyasi zinaupenda mno, mimi napendelea sponji ya kawaida yenye mifereji.

Hatua ya 5: Kelele

Kitambaa kwanza. Mabegi mengi ni nailoni, na unene wake unaandikwa kwa herufi D. Ya 210D ni nyepesi lakini miiba ya kikwata inaichana. Ya 1000D haichaniki kirahisi ila ni ngumu na tawi likiipitia inalia kama karatasi ya saruji. Ya 500D ndo katikati na kwa watu wengi hapo panatosha. Turubai la pamba liko kimya kuliko nailoni na linadumu, ila lina uzito na likilowa halikauki leo. Kile kitambaa chenye manyoya cha mabegi ya kuwindia ya Ulaya na Marekani kiko kimya kuliko vyote, sasa kipitishe kwenye nyasi za Julai uone, unarudi kambini na mbegu za pori zima.

Jaribu hivi: kwangua begi kwa kucha, kutoka juu mpaka chini, kwa spidi ya mtu anayetembea. Kama unalisikia vizuri katikati ya kelele za Kariakoo, fikiria porini saa moja asubuhi hakuna upepo na mko mita 60 kutoka kwa dume. Kikwata, kwa asiyeijua, ni ile migunga ya miiba iliyopinda kama ndoana inayokushika shati unaporudi nyuma, na inakwangua begi kila hatua.

Velkro ni adui. Kwenye begi la kuwindia isiwepo mahali popote utakapofungua ukiwa karibu na mnyama, ule mlio wa kubandua haufanani na kitu chochote cha porini. Kama begi ni zuri kasoro velkro, mpe fundi aitoe aweke kifungo. Vishikizo vya chuma vya zipu vinagongana ukitembea, vikate ufunge vitanzi vya kamba nyembamba. Ncha za mikanda zinazopeperuka zikunje uzibane na vipande vya tyubu ya baiskeli, na ukate vipande vya ziada uviweke begini maana tyubu inawaka hata kwenye mvua, kuni zikigoma unawashia moto. Chupa ya chuma ivishe soksi.

Mwisho vaa begi likiwa limejaa, nenda chumba kisicho na redio, rukaruka, geuka, chuchumaa, inuka. Kila mlio utafute unatoka wapi uuzibe. Watu wanalipa dola elfu na elfu kwa safari afu wanaingia porini na funguo za gari zinalia mfukoni.

Hatua ya 6: Rangi, na hapa kuna sheria ndani yake

Tafuta kahawia, kaki, kijani cha majani makavu, kijivu cha udongo. Epuka bluu na nyeusi. Mbung'o (wengine mnawaita ndorobo) wanavutwa na bluu na nyeusi, ndo maana vile vitambaa vya mitego mnavyoviona vimetundikwa kwenye miti mbugani vina rangi hizo. Ukivaa begi jeusi kwenye kitalu chenye mbung'o umejitengenezea mtego unaotembea, watakaa juu ya begi kwa makumi na wanaouma ni wewe na anayekufuata nyuma. Na wanyama wa jamii ya swala na nyati wanaiona bluu vizuri kuliko wanavyoona nyekundu au rangi ya chungwa, kwahiyo bluu inakuumiza mara mbili. Kwasababu hiyohiyo usilifue begi kwa sabuni ya unga ya kung'arisha, inaacha kitu kinachong'aa ambacho jicho lako halioni. Maji na sabuni ya mche isiyo na harufu, basi.

Sasa sheria. Mabegi ya madoadoa ya kijeshi yamejaa mitumba na ni imara kweli, lakini Tanzania raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala vitu vinavyofanana nazo. Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku 7 watu wasalimishe mavazi ya hivyo. Mgeni anayetoka Ulaya au Marekani hajui hili, anatua uwanja wa ndege na begi la kombati mgongoni na siku yake ya kwanza inaanza kwa maelezo. Mwambieni mapema aje na rangi moja.

Zipu, mishono na maji kuingia

Vumbi la barabara za kitalu linaua zipu kuliko kitu kingine chochote, ni laini kama unga na linaingia kila mahali. Zipu kubwa zenye meno manene zinavumilia kuliko zile nyembamba zilizopakwa mpira, na zikiwa zimeandikwa YKK ni dalili nzuri ingawa feki zipo. Begi lenye mdomo wa kukunja juu au wa kamba na kifuniko halina hilo tatizo, na liko kimya zaidi, tatizo lake ni kwamba kitu cha chini unakipata baada ya kutoa vyote. Jioni piga zipu brashi kavu, usipake mafuta ya kupikia kama wanavyofanya wengine, yanakamata vumbi zaidi.

Mvua: lile koti la begi la plastiki linapiga kelele na linanasa miti. Bora mfuko usioingiza maji uwe ndani ya begi, wa lita 13 hivi, ndani yake unaweka sweta, dawa, karatasi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019 kwahiyo usitegemee kuzungushia rambo kama zamani, na hata hivyo rambo lilikuwa linalia kila ukiligusa.

Mitumba au dukani?

Mitumba, kwa asilimia kubwa. Karume pale Ilala, Memorial ya Moshi, Kilombero ya Arusha, unapata mabegi ya lita 20 na kitu yaliyotengenezwa vizuri Ulaya kwa bei ya begi la shule jipya la Kariakoo. Moshi na Arusha zina faida ya ziada kwasababu wapandaji mlima wanaacha vifaa vyao kwa wapagazi na vingine vinaishia sokoni.

Ukilishika, geuza ndani nje. Kama upako wa ndani unabanduka kama maganda na unanata, liache, hilo limezeeka na halitazuia maji. Vuta mikanda pale ilipoungana na begi kwa nguvu zako zote, mbele ya muuzaji, akikasirika ndo jibu lenyewe. Bonyeza sponji ya mabega, ikibaki imebonyea imekufa. Fungua na funga kila zipu mara kadhaa bila kuiruka hata ile ya kimfuko cha juu. Klipu iliyopasuka sio sababu ya kuliacha, spea zinapatikana kwa mafundi wa mabegi. Linuse pia, begi lililokaa na mafuta ya taa au manukato litanukia wiki nyingi.

Anayesafiri kwa ndege ndogo kwenda kitaluni azingatie kwamba mizigo mara nyingi inabanwa kilo 15 mpaka 20 kwa mtu na wanataka mabegi laini, begi lako la siku linahesabiwa humo.

Hatua ya mwisho: Kupanga vitu, na kujua nini kisiingie begini

Risasi za kutumia haziingii begini. Zinakaa kiunoni kwenye mkanda wake, za akiba ndo zinaweza kukaa begini zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa zisigongane. Darubini ya mkono kifuani. Kisu kiunoni. Kifuko cha majivu cha kupimia upepo mkononi au shingoni kwa msoma nyayo. Kitu unachokihitaji kwa sekunde tano kikiwa mgongoni ni sawa na hakipo.

Ndani ya begi vizito vikae karibu na mgongo na juu kidogo, nguo chini. Dawa zikae juu kabisa kwenye kifuko chekundu ambacho mtu mwingine anaweza kukipata bila kukuuliza, maana ukihitaji dawa huenda wewe ndo umelala chini. Humo weka turniketi (mkanda wa kukaza mkono au mguu kuzuia damu), bandeji za kukandamiza, gozi, glovu, ORS, dawa ya maumivu, ya mzio na ya kuhara. Vile vidude vya kunyonya sumu ya nyoka viache dukani, aliyeumwa na nyoka anatulizwa, kiungo hakitingishwi, anakimbizwa hospitali. Namba za kambi na za ndege ya wagonjwa kama AMREF Flying Doctors ziandike kwenye karatasi ngumu, simu inazima chaji.

Leseni ya uwindaji, ya silaha na vibali vikae kwenye bahasha isiyoingia maji ndani ya mfuko wa mgongoni. Askari wa wanyamapori akiviomba unavitoa bila kumwaga begi zima kwenye majani.

Kwa mgeni anayembebesha mtu begi: chupa moja ya maji, turniketi na kiberiti vibaki mwilini mwako. Aliyebeba begi lako anaweza kuambiwa abaki nyuma na fito za ziada mkaachana masaa mawili.

Wiki moja kabla ya safari tembea nalo likiwa limejaa maji kamili, mtaani kwenu, masaa mawili au matatu kwa siku kadhaa, na viatu vilevile. Mabega yakichubuka ni bora yachubuke Mbezi. Kambini usiliweke chini usiku, litundike, siafu na mchwa hawachagui chapa, na asubuhi likung'ute kabla ya kuingiza mkono, nge anapenda mfuko wenye joto.

Na siku ya kuondoka limwage lote juu ya turubai ulikague mwenyewe. Jino la ngiri uliloliokota njiani, mwiba wa nungunungu, kipande cha ngozi, nyama iliyokaushwa ambayo haiko kwenye karatasi zako, vyote hivyo kisheria ni nyara za serikali na ukikutwa navyo kwenye kizuizi bila kibali maelezo ya "nilikiokota tu" hayatakusaidia. Rudisha porini kabla gari halijawashwa.